Jinsi ya Kulegeza Kozi Bila Kuitelekeza

Mwongozo kwa mhadhiri mwenye wanafunzi wengi, ukumbi mmoja na intaneti ya kusuasua

Mwalimu mwenzangu, ukipakia slaidi themanini kwenye mfumo wa chuo kisha ukawaambia wanafunzi wasome wenyewe, hujafundisha kwa njia nyumbufu. Umegawa desa. Na desa wanalo tayari. Steshenari ya nje ya geti inalichapa kila mwaka.

Ufundishaji nyumbufu ni ule unaomwachia mwanafunzi nafasi ya kuchagua asome lini, akiwa wapi na kwa njia ipi, huku kiwango anachotakiwa kukifikia kikibaki palepale. Haukuzaliwa na kompyuta. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwaruhusu watu wasiohudhuria masomo yake kufanya mitihani ya shahada mwaka 1858. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, siku ambazo wengi wetu tulikuwa hatujaona barua pepe. Mwalimu wa shule aliyesoma nacho akiwa wilayani hakukaa ukumbini kila wiki, lakini alikuwa na moduli mkononi, tarehe za kazi, vikao vya ana kwa ana vya kujipanga navyo na kituo cha mkoa cha kwenda kuuliza. Uhuru wake ulishikiliwa na vitu hivyo.

Ndiyo maana mwongozo huu una ushauri mmoja unaorudi kwa sura tofauti: kadiri unavyolegeza mahali na saa, ndivyo unavyopaswa kukaza ratiba, maelekezo na mrejesho. Wanaolegeza vyote kwa pamoja hupata darasa la watu thelathini wenye juhudi, na mamia wanaozinduka wiki ya mtihani.

Nitatumia mfano mmoja. Tuseme unafundisha utangulizi wa takwimu kwa mwaka wa kwanza, wanafunzi 400, ukumbi wenye viti 250, vipindi viwili kwa wiki vya saa moja na nusu. Wanaochelewa wanasimama madirishani. Hali hii unaijua.

Anza na hesabu ya saa

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi. Katika mfumo wa krediti unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Kwa vipindi vyako vya wiki 15, unakaa naye saa 45 tu. Saa 55 zilizobaki yuko peke yake: bwenini, kwenye kimbweta, ndani ya daladala, au dukani kwa mjomba akimsaidia kuuza.

Mtaala wa kozi unaoandikwa na wengi wetu unaeleza zile 45 kwa kirefu, na zile 55 unazimaliza kwa maneno "kujisomea binafsi". Kazi yako ya kwanza ni kuzipangia hizo 55.

Gawa maudhui ya kozi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo ya kupokea: fasili, kanuni, mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua. La pili ni mambo ya kufanya kwa mkono: mazoezi, kukusanya data, kuchora grafu. La tatu ni mambo ya kubishana: kwa nini kipimo hiki na siyo kile, data hii inatuambia nini na inatuficha nini. Fungu la kwanza halihitaji ukumbi. La tatu linauhitaji sana. La pili lina pande zote mbili. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunasoma fasili mbele ya watu mia nne, halafu mijadala tunaiachia grupu la WhatsApp usiku.

Jua simu walizo nazo

Usiwaulize kwa fomu ya mtandaoni. Fomu ya mtandaoni itajibiwa na walio mtandaoni, nawe utahitimisha kwamba darasa zima lina intaneti safi. Gawa vipande vya karatasi wiki ya kwanza, maswali machache tu: unatumia simu janja, kitochi au kompyuta? Ni yako peke yako? Bando unaunga kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Unapolala kuna umeme wa kuaminika? Kuna saa ambazo kila siku huwezi kusoma, kwa sababu ya kazi, mtoto au safari? Hilo la mwisho ndilo litakalokushangaza zaidi.

Kisha panga kozi kwa kumfikiria yule mwenye kifaa dhaifu zaidi. Hesabu hii ibandike ukutani: sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde hutumia megabaiti 2.4 kwa dakika 10. Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde, kwa dakika hizohizo 10, hutumia megabaiti zaidi ya 112, karibu mara 47 ya ile sauti. Kila unapotaka kuweka video, jiulize picha inaongeza nini. Kama kinachoonekana ni uso wako tu, weka sauti na ukurasa mmoja wa mchoro. Video iwe ya pale ambapo mkono lazima uonekane ukifanya kazi.

Na usiweke kitu chochote mahali pamoja tu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Tanzania na kwa majirani, na mwalimu aliyetegemea kiungo kimoja cha video hakuwa na la kufanya. Nakala moja iwe kwenye mfumo wa chuo, nyingine kwenye flashi kwa kiongozi wa darasa, nyingine imechapwa steshenari kwa bei mliyokubaliana. Kama chuo chako kinatumia Moodle, na vingi vinaitumia kwa kuwa ni ya bure, waoneshe wanafunzi jinsi programu yake ya simu inavyoweza kupakua masomo wakiwa kwenye waifai ya chuo ili wayasome baadaye bila bando. Dakika kumi za kuonesha hilo ukumbini zina faida kuliko waraka wa kurasa sita.

Rekodi fupi, maandishi yanayosomeka

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za mtandaoni za edX. Muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Usirekodi mhadhara wa dakika tisini ukaupandisha ulivyo, na kikohozi chake na matangazo ya mwanzo. Rekodi vipande vya dakika tano hadi nane, kila kimoja na jambo moja, na kila kimoja kiishe kwa swali ambalo mwanafunzi atakuja na jibu lake ukumbini.

Vifaa visikuumize kichwa. Simu yako inatosha. Kaa kwenye chumba chenye mapazia na godoro, zima feni, weka simu karibu na mdomo. Andika unachotaka kusema, lakini usikisome kama taarifa ya habari. Ongea kama unavyomweleza mwanafunzi aliyekufuata ofisini. Ukikosea neno, endelea. Anayesaka rekodi isiyo na dosari hurekodi kipande kimoja kwa juma zima, na kufika wiki ya nne amechoka na mradi wote.

Kurasa ulizopiga picha kutoka kitabu cha zamani na kuziita PDF ziache. Zina uzito, hazisomeki kwenye simu ndogo, na mwanafunzi asiyeona anayetegemea programu ya kusoma maandishi kwa sauti hapati hata neno, kwa kuwa kwa programu ile huo ukurasa ni picha tu. Chapa upya kilicho cha lazima. Ni kazi, ndiyo, lakini unaifanya mara moja.

Sasa ukumbi ni wa nini?

Hapa ndipo penye faida kubwa, na hapa ndipo nakuomba utumie nguvu zako.

Kwa kuwa fungu la kwanza limehamia kwenye rekodi, huhitaji tena kuwa na wanafunzi wote 400 mara mbili kwa wiki. Wagawe makundi mawili ya 200. Kundi la kwanza lije kipindi cha kwanza, la pili lije cha pili. Saa zako za kazi hazijaongezeka, kila mtu ana kiti, na madirisha yamebaki kwa ajili ya hewa. Zungumza mapema na mkuu wa idara kuhusu ratiba na kanuni ya mahudhurio, isije ikaonekana umekata vipindi.

Ndani ya kipindi hicho, usirudie rekodi. Ukirudia mara moja tu, wataacha kusikiliza nyumbani, na watakuwa na haki. Tumia njia ambayo mwanafizikia Eric Mazur alianza kuitumia Harvard mapema miaka ya 1990, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walijua kukokotoa lakini hawakuelewa dhana. Unaonesha swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mmoja anafikiri kimya na kupiga kura. Kisha anamgeukia jirani aliyechagua tofauti, wanabishana dakika mbili tatu, na kura inapigwa tena. Ndipo unaeleza.

Swali lako la wiki ya pili linaweza kuwa hili. Kampuni ina wafanyakazi 10. Tisa wanalipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, mkurugenzi analipwa 6,300,000. Tangazo la kazi linasema mshahara wa wastani ni 900,000. A: tangazo ni la uongo. B: ni la kweli, na mwajiriwa mpya atarajie karibu 900,000. C: ni la kweli, lakini mwajiriwa mpya atarajie karibu 300,000. D: wastani ulipaswa kuwa 3,300,000.

Kila jibu potofu lina mtego wake. Aliyechagua A anadhani wastani lazima uwe mshahara wa mtu fulani. Wa B hajatofautisha wastani na thamani ya katikati. Wa D amejumlisha mshahara mdogo na mkubwa akagawa kwa mbili. Swali zuri ni lile ambalo ukiziona kura unajua tatizo liko wapi, kwa hiyo majibu potofu yatafute kwenye mitihani ya mwaka jana. Wanafunzi wenyewe wamekwisha kukuandikia.

Huhitaji vifaa vya kupigia kura. Vidole kifuani vinatosha: kimoja kwa A, viwili kwa B. Kifuani, siyo hewani, ili wa nyuma wasimwige yule wanayemjua kuwa mkali wa hesabu. Ukiona waliopata ni chini ya theluthi moja, usiwaache wabishane, maana watafundishana makosa, eleza kwanza. Wakiwa zaidi ya theluthi mbili, eleza kwa sekunde thelathini na uendelee. Katikati ya hapo ndipo mjadala unalipa.

Na wabishane kwa Kiswahili. Mhadhara na mtihani vinaweza kubaki kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka, lakini ukimlazimisha kijana wa mwaka wa kwanza kumpinga jirani yake kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno, atanyamaza, nawe utadhani ameelewa.

Ukumbi na Zoom kwa wakati mmoja

Utashauriwa ufundishe waliopo ukumbini huku wengine wakifuatilia kwa Zoom, na mwanafunzi achague kila wiki. Mfumo huo una jina, HyFlex, na ulianza kujengwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Francisco, Marekani, katikati ya miaka ya 2000 chini ya Brian Beatty. Pale ambapo kuna maikrofoni za darini, kamera na msaidizi wa kufuatilia maswali ya mtandaoni, unaweza kufaa. Kwa mhadhiri aliye peke yake na kompyuta mpakato moja, maoni yangu ni kwamba usijaribu. Ukiwatazama wa ukumbini, wa mtandaoni wanasikia mwangwi. Ukiinama kusoma maswali ya mtandaoni, mia mbili walio mbele yako wanatoa simu. Afadhali kipindi kimoja cha ana kwa ana, rekodi za kusikiliza wakati wowote, na saa moja ya maswali kwa njia ya mtandao jioni kwa walio mbali. Kila kimoja kifanyike kikamilifu kwa zamu yake.

Kaza ratiba

Wiki ya kozi iwe na mwendo usiobadilika. Rekodi zinatoka Ijumaa asubuhi. Jaribio fupi la maswali matano linafungwa kabla ya kipindi. Kipindi. Zoezi la kuwasilisha linafungwa Jumatatu inayofuata saa sita mchana. Mimi napendelea mchana kuliko saa sita usiku wa Jumapili, maana mchana waifai ya chuo ipo, steshenari ziko wazi na wasaidizi wako wako macho. Tarehe ya mwisho ya usiku wa manane humwadhibu asiye na bando, na kumfundisha kila mtu kutolala.

Lile jaribio fupi usilidharau. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma andiko kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliolisoma na kulirudia, ingawa baada ya dakika tano tu waliorudia ndio waliokuwa mbele. Hiyo hali ya dakika tano ndiyo inayomdanganya mwanafunzi anayekesha na desa.

Dharura zipo, na hutaki kuwa hakimu wa misiba ya watu. Mpe kila mwanafunzi siku tatu za kuchelewa kwa semista nzima, azitumie apendavyo bila kuleta barua wala maelezo. Zikiisha zimeisha, isipokuwa kwa ugonjwa wenye cheti. Utashangaa jinsi foleni ya ofisini inavyopungua.

Grupu la WhatsApp liwe la matangazo na maswali, na liwe na saa. Tangaza kwamba unajibu saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni siku za kazi, na ushike hapohapo. Kazi zisiwasilishwe huko, zitapotea kati ya salamu na stika. Alama zisibandikwe huko hata kwa namba za usajili, kwani kila mtu anajua namba ya mwenzake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Upimaji, na ile akili mnemba

ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo insha ya kwenda kuandika nyumbani imebaki na thamani ndogo kama kipimo. Usikimbilie programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa yao Julai 2023 kwa kukosa usahihi, na mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba kama hizo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine ilhali ziliandikwa na binadamu. Wanafunzi wako wako kwenye kundi hilohilo. Kumfukuzisha kijana kwa ushahidi wa aina hiyo ni dhuluma.

Badala yake, badilisha kazi yenyewe. Uwiano wa 40 za kazi za semista kwa 60 za mtihani uliopitishwa na Seneti usiuguse, utaishia kwenye vikao vya mwaka mzima; badilisha kilichomo ndani ya ile 40. Katika kozi ya takwimu, kila kundi likae kituo cha daladala asubuhi, lihesabu muda wa kusubiri, lilete daftari la kumbukumbu lenye maandishi ya mkono, kisha rasimu, kisha ripoti, kila hatua na alama zake. Mashine inaweza kusaidia kuandika ripoti. Haikuwepo kituoni.

Halafu waulize kwa mdomo. Wote huwezi: wanafunzi 400 kwa dakika 5 ni zaidi ya saa 33. Piga kura hadharani ukumbini, utoe 50, waje na ripoti zao waeleze jedwali moja utakalolichagua wewe. Ni saa nne na dakika kumi, ukigawana na msaidizi mmoja ni asubuhi moja. Kwa kuwa hakuna ajuaye atakayetajwa, wote 400 watajiandaa.

Usianze na kozi nzima

Semista ya kwanza, chagua wiki tatu za mada ambayo wanafunzi huanguka kila mwaka, uzifundishe kwa njia hii, nyingine ziache zilivyo. Mwishoni linganisha majibu ya mada hiyo na ya mwaka uliopita. Mapendekezo ya kupanua yatakuwa na kitu cha kuonesha idarani.

Na tangu mwanzo, fuatilia wasioonekana. Moodle inakuonesha nani hajafungua chochote. Mwishoni mwa wiki ya kwanza kati ya hizo tatu, chukua orodha hiyo, wagawe na msaidizi wako, muwapigie simu. Ujumbe hawausomi, ndiyo maana wako kwenye orodha. Sababu mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani: nywila imesahaulika, simu imeibwa kwenye basi, bumu limechelewa. Wapo pia ambao hawajakamilisha ada, hivyo usajili haujathibitishwa na mfumo hauwaruhusu kuingia. Ada huwezi kuwalipia. Lakini mipangilio ya kozi ndani ya Moodle inaweza kuwa na mlango wa mgeni (guest access), wenye neno la siri unaloliweka mwenyewe. Muulize mtu wa TEHAMA akuoneshe ulipo, na neno hilo uwatajie kwenye simu hiyohiyo.